Meza ya Mpishi Asiyeombwa

Umewahi kukaa meza moja na mtu, mkala kutoka sinia moja, kisha mkainuka kila mmoja na mlo wake? Mmoja amekula asali, mwenzake amekula shubiri, na mpishi ni yule yule, chumvi ni ile ile? Kama hujawahi, sogea usikie. Kama umewahi, sogea pia, maana utacheka peke yako.

Palikuwa na mkahawa wa vyakula vya Kiasia kwenye ghorofa ya tano ya jengo refu. Chini kulikuwa na duka la dawa, juu kulikuwa na mawakili. Ukitoka kwenye lifti unavua viatu. Sakafu imetandikwa mikeka laini, meza ziko usawa wa goti, na kuta ni fremu za mbao zilizowambwa karatasi nyeupe, kiasi kwamba jua la mchana likiingia mle ndani linageuka maziwa. Taa za karatasi zinaning'inia mviringo kama maboga. Pembeni maji yanachuruzika kwenye mwanzi na kudondokea bakuli la jiwe, to, to, to, mpaka mtu aliyekuja na hasira zake anajikuta amesahau alikuwa anamkasirikia nani.

Ila palikuwa na sheria moja. Orodha ya vyakula hakuna. Mgeni haombi. Mpishi, mtu mnene wa maneno machache aliyejifunzia kisu chake huko Asia, anakutazama usoni kutoka nyuma ya kaunta, kisha anakukatia kile anachoona kinakufaa. Ndiyo maana watu walitoka pale kama waliotoka nchi mbili. Muuza viatu wa jirani alitoka akisema ameonja pepo. Mkewe, aliyeketi bega kwa bega naye, alitoka akiuliza ni wapi wanakaanga viazi.

Basi mchana mmoja mkahawa umejaa pomoni, wakaingia wanawake wawili walioshona pazia la mlango wa jikoni, lile la buluu lililopasuliwa katikati. Mpishi alikuwa amewaalika kwa shukrani. Mmoja ni mwenye karakana, mama wa makamo aliyeitwa Mama Vifungo kwa sababu kila nguo yake ilikuwa na vifungo ambavyo havifungi wala havifungui kitu. Wa pili ni mshonaji wake, dada mwembamba mwenye shingo ndefu, gauni la pamba rangi ya majani mabichi, na utepe wa kupimia aliousahau shingoni kama mkufu.

"Mwanangu," alisema Mama Vifungo akiiangalia meza, "hii imekatwa miguu, au mimi ndiye niliyerefuka?"

"Keti tu, Mama."

"Kuketi si kazi. Kazi ni kuinuka."

Hata hawajatulia vizuri, kivuli kikasimama juu yao. "Habari zenu. Hapa pana mtu?"

"Pana magoti yangu," alisema Mama Vifungo, "lakini nitayasogeza."

Alikuwa fundi wa lifti za jengo lile. Ovaroli ya kijivu iliyopigwa pasi, mikono iliyosuguliwa kwa sabuni mpaka inanukia limau, na mstari mwembamba wa grisi chini ya kucha, ambao sabuni ilikuwa imeshindwa kuufikia. Alipokunja miguu, soksi yake ya kushoto ilionyesha tundu, na kidole gumba kikachungulia. Mshonaji akatabasamu kabla hajajizuia.

"Usimcheke," alinong'ona Fundi Lifti. "Kakaa gizani wiki nzima. Leo kaja mjini."

"Mwambie karibu," alijibu Mshonaji. "Ila akirudi nyumbani ashonewe mlango."

Fundi Lifti akacheka, kicheko cha kifuani, cha polepole, na Mshonaji akahisi kama mtu aliyefungua dirisha.

Sahani zikaja. Vipande vya samaki mbichi, vyekundu na vyeupe, vimelazwa juu ya vitonge vya wali kama watoto waliofunikwa shuka. Mama Vifungo akakisogelea kimoja kwa jicho moja.

"Huyu," alisema, "nikimrudisha majini ataogelea."

Fundi Lifti hakusikia. Alikuwa amefumba macho. Alitafuna kama mtu anayesikiliza habari njema kutoka mbali, na nyusi zake zikapanda kidogo, zikashuka. Mshonaji alimtazama. Alitazama taya lile, zile kope, mwanga ule wa maziwa begani kwake, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye sahani. Pembeni palikuwa na donge dogo la kijani, laini kama parachichi lililopondwa. Akalitia lote mdomoni.

Kumbe ni kitu kikali kuliko haradali, kisichochoma ulimi bali hupanda puani na kugonga paji la uso kama nyundo. Pumzi ikakatika. Macho yakajaa, machozi yakaporomoka mashavuni, tiririka tiririka, wala hakuweza kutoa neno.

Fundi Lifti akafumbua macho, akamkuta analia.

"Umeguswa," alisema kwa sauti ya chini.

Mshonaji akatikisa kichwa. Mwenyewe hakujua anakitikisa kwa kukubali au kwa kukataa, lakini Fundi Lifti akakiona kimekubali.

"Hata mimi mara ya kwanza karibu nilie. Watu hawaelewi. Wanadhani ni samaki tu. Mama, huyu mwanao ana moyo."

"Ana pua pia," alisema Mama Vifungo, aliyeliona donge likiondoka.

"Ni tamu," alijitahidi Mshonaji. "Ni tamu sana."

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, juu ya uongo mdogo wa kijani usiozidi ukubwa wa punje ya kunde.

Usimhukumu upesi. Alizaliwa kitindamimba katika nyumba ya midomo mingi. Chakula kilipopakuliwa, kaka walichagua, dada wakachagua, naye akapewa kilichobaki, na mama yake akawaambia wageni kwa fahari, "Huyu wangu hachagui. Mpe chochote." Sifa ile ilimwingia kama rangi inavyoingia kwenye kitambaa. Akakua anaulizwa chai au maziwa, anajibu chochote. Huku au kule, anajibu popote. Mapazia ya watu aliyajua: huyu anataka mikunjo mipana, yule anataka pindo liguse sakafu. Nafsi yake hakuwahi kuipima.

Simu zikaanza.

"Halo, mrembo wa mapazia."

"Halo, bwana wa juu na chini."

"Najua ulipo. Umekaa kwenye cherehani, pini mdomoni."

"Nimezitoa ili nikujibu."

"Basi nimeheshimiwa leo. Mimi niko ndani ya shimo la lifti, nimekaa juu ya paa lake. Ngoja, usiseme kitu. Sikia."

Mshonaji akabana simu sikioni, akafumba macho. Kutoka mbali ukaja mvumo mzito, mtamu, kama mtu anayeimba midomo imefungwa.

"Ni nini hicho?"

"Upepo unapita kwenye kamba za chuma. Hakuna anayeusikia ila mimi. Nilitaka usikie na wewe. Jumamosi nikupeleke wapi, kipenzi?"

"Popote."

"Kwa mpishi wetu?"

"Haya."

Wakaenda Jumamosi ile, na zilizofuata. Ukimuuliza Mshonaji, angekuambia zilikuwa siku za ndoto. Mvuke wa supu ulipanda kati yao, uso wa mpenzi wake ukaonekana na kupotea kama mwezi kwenye mawingu. Fundi Lifti alisimulia habari za majengo: kuna lifti yenye wivu, haifungi mlango akiingia mwanamke aliyejipulizia manukato, kuna nyingine mvivu, hukoroma ikifika ghorofa ya tatu. Mshonaji alicheka mpaka akaegemea ukuta wa karatasi. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa limau, na maji kwenye mwanzi yakisema to, to, to.

Samaki, hata hivyo, alimmeza kama kidonge, kwa chai ya kijani, bila kutafuna. Akirudi karakana tumbo linanguruma, Mama Vifungo humtolea mkate na mayai ya kuchemsha.

"Utamwambia lini?"

"Anapapenda sana pale, Mama. Anafurahi nikipapenda."

"Haya. Endelea kumeza. Siku moja utaota mapezi."

Ikaja Jumamosi ya mvua. Kuta za karatasi zilikuwa za kijivu laini kama manyoya ya njiwa, na taa ziliwashwa mapema. Fundi Lifti alivaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado imesimama kifuani. Mshonaji alivaa gauni la rangi ya zabibu lenye mikono mipana, alilolishona mwenyewe. Walipokula, Fundi Lifti hakufumba macho. Aliweka vijiti chini, akavilaza sambamba, akavisogeza, akavisogeza tena.

"Nataka kukuoa," alisema. "Unasemaje?"

Mshonaji alikuwa na maneno mengi mdomoni, yamejazana kama watu mlangoni. Lakini ulimi una njia zake za zamani, ukapita kwa mazoea.

"Kama wewe unataka," alisema.

Fundi Lifti alicheka kwa furaha, akaibusu mikono yake yote miwili. Lakini Mshonaji alikiona kitu kikipita usoni pake haraka, kama lifti inayosimama kiganja kimoja kabla ya sakafu. Mlango umefunguka, ndiyo, lakini mtu anashuka akiangalia miguu.

Waliagana chini mlangoni. Mshonaji akarudi karakana ameloa, maana mwavuli alikuwa ameusahau juu. Mama Vifungo akamkalisha, akambandulia yai.

"Kula mwanangu, uondoe ile bahari mdomoni. Sasa anakuoa, na bado hajui unavyomchukia samaki wake?"

"Nitamwambia."

"Lini? Siku ya kumzaa mtoto mwenye magamba?"

Wakacheka wote wawili. Kicheko kilipoisha, waliona pazia la mlangoni limesogezwa. Fundi Lifti amesimama, maji yanamdondoka, mwavuli wa mpenzi wake mkononi, haujafunguliwa.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mshonaji alikuwa na yai shavuni. Akalimeza kwa shida. "Tangu siku ya kwanza."

"Na yale machozi?"

"Ni kile kitu cha kijani. Nilikula donge lote."

Mama Vifungo akajiziba mdomo kwa kipande cha kitambaa. Siku nyingine Fundi Lifti angecheka. Alivuta kigoda, hakukikalia, akakishika tu.

"Nimekulisha mateso miezi yote hii, nikidhani nakupa raha. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ufurahi."

"Mimi kazi yangu ni kukagua kamba, mpenzi wangu, kwa sababu kuna watu wananing'inia. Kamba nikiishika inaniambia imechakaa wapi. Haijawahi kuniambia 'kama wewe unataka'." Alikuwa anaongea taratibu, na hilo ndilo lililouma. "Leo nimekuuliza kama utaolewa na mimi. Umenijibu kwa maneno yale yale unayonijibu nikikuongezea samaki. Sasa nitajuaje? Nitajuaje kama mimi mwenyewe si samaki mwingine, unanimeza kwa chai?"

Mshonaji akafumbua mdomo. Neno "usiondoke" lilikuwa pale, limekamilika, limeshonwa mpaka pindo. Halikutoka. Lililotoka ni "samahani".

Fundi Lifti aliuweka mwavuli mezani polepole, kama kitu cha kuvunjika, akatoka mvuani.

Siku zilizofuata zilipita kama kitambaa kizito chini ya sindano. Karakana ilikuwa na kazi ya ukumbi, pazia refu la rangi ya moshi, na Mshonaji alilisukuma pindo lake kutwa, cherehani ikinguruma, akili yake ikielea mbali. Mara anamwona Fundi Lifti amesimama nyuma ya kitambaa, kivuli tu. Akikivuta, ni dirisha. Alipokuwa akisinzia mchana, aliusikia ule mvumo wa kamba, ukija na kwenda.

"Chai au maziwa?" aliuliza Mama Vifungo.

"Chochote."

"Chochote sina. Nina chai, nina maziwa. Chochote hakiuzwi duka lolote hapa mjini, nimetafuta."

Mshonaji aliangalia birika, akaangalia jagi. Utacheka, lakini jasho lilimtoka. "Maziwa," alisema mwishowe. "Ya moto. Yasiwe na utando."

Mama Vifungo akasimama na kikombe mkononi. "Hee! Kumbe una koo la malkia."

Alhamisi simu ililia.

"Halo," ilisema ile sauti, na Mshonaji akalazimika kushika ukingo wa meza. "Uko salama?"

"Niko salama. Wewe?"

"Nipo. Nimepewa kazi mji mwingine. Hospitali mpya, lifti nzima nzima za kufunga, tangu msingi. Ni kazi niliyoitamani siku nyingi. Itachukua mwaka." Akakohoa. "Naondoka Jumatatu. Nimeona si vizuri uambiwe na watu."

Mshonaji alisikia upepo nyuma ya sauti yake, akajua yuko shimoni.

"Una la kuniambia?" aliuliza Fundi Lifti.

"Safari njema," alisema Mshonaji.

"Ahsante."

Simu ilipokatika, Mama Vifungo alizima cherehani yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

"Safari njema? Ndilo ulilokuwa nalo?"

"Mama, na kama nikimwambia ninachotaka, halafu asitake?"

"Basi utalia, utajipangusa, utakuja kazini. Mimi nilisema nilichotaka mara tatu maishani, nikakataliwa mbili. Ile moja ndiyo iliyonipa watoto wanne na mzee anayekoroma. Lakini mtu hawezi kukukatalia usichokisema, na vilevile hawezi kukupa. Unamfungia mlango halafu unalia haingii!"

Jumamosi mkahawa ulikuwa umejaa kama kawaida. Kwenye meza ya dirishani vijana wawili waliofunga tai walikuwa wanapiga picha kila kipande kabla ya kukila. Nyuma yao babu mmoja alikuwa akijikuna goti, akimwambia binti yake kwamba wali umepoa na kwamba yeye kwao kiti ni haki ya mtu. Fundi Lifti alikuwa peke yake ukutani, na kwa mara ya kwanza alikula macho wazi, akitafuna kama mtu anayetafuna karatasi. Mpishi kutoka nyuma ya kaunta alikuwa akimtazama kwa huzuni, kwa kuwa kila alichomkatia leo kilirudi nusu.

Mshonaji akatoka kwenye lifti. Alikuwa na lile gauni la zabibu, na chaki nyeupe kwenye mkono wake mmoja, alama za kazi aliyoiacha katikati. Alivua viatu. Hakwenda mezani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta.

"Mpishi, shikamoo."

"Marahaba, dada wa pazia."

"Naomba samaki aliyepikwa."

Kisu kikasimama hewani. Vijana wa tai wakashusha simu zao. Hakuna aliyewahi kuomba kitu mahali pale. Hata maji watu walisubiri kuletewa. Kila kitu ndani ya Mshonaji kilikuwa kikimwambia aseme hapana, samahani, chochote tu.

"Aliyepikwa," alirudia Mpishi.

"Aive. Kabisa."

"Aive kiasi gani?"

"Mpaka asahau kama aliwahi kuona maji."

Babu wa nyuma akapiga meza kwa kiganja. "Na mimi! Niletee kama wa huyo binti!"

Mpishi aliangalia kisu chake, akamwangalia Mshonaji usoni kwa muda mrefu, kama anavyowaangalia wageni. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa kikaango. Kilikuwa cheusi, kimetumika sana. "Mimi mwenyewe nyumbani nakula wa kukaanga," alisema kwa sauti ya chini. "Usiwaambie."

Sasa Mshonaji aligeuka. Fundi Lifti alikuwa ameinuka nusu, hajasimama, hajakaa. Mshonaji akapita kati ya meza, akapiga magoti kwenye mkeka mbele yake. Nyuma yao mafuta yalianza kuchemka, na harufu nzuri ya kitu kinachoiva ikajaa chumba chote.

"Nimeanza na samaki ili nijizoeze," alisema. "Ni vigumu, ujue."

"Nimekuona," alisema Fundi Lifti. "Nimeona na miguu inavyotetemeka."

"Nyamaza kwanza. Nikikatizwa nitasahau." Alivuta pumzi. "Sitaki uache ile kazi. Nataka uende ukaifanye, kwa sababu unaipenda, na mtu akipenda kitu uso wake unakuwa mzuri. Lakini nataka unipigie kila siku, hata kama una grisi mpaka kwenye nyusi. Nataka nyumba yenye viti. Viti vyenye migongo. Nataka uache kuniongezea chakula kabla sijasema. Nataka ukinuna uninunie mbele yangu, usitoke mvuani."

"Ni vingi," alisema Fundi Lifti, sauti imekwaruza.

"Ni vya miaka yote. Vimejazana."

"Na mimi?" aliuliza, polepole sana, kama mtu anayeshika kamba aone kama itabeba. "Mimi unanitakaje?"

Mshonaji aliunyoosha mkono, akaushika uso wa Fundi Lifti kwa vidole vyenye chaki, vikaacha mstari mweupe shavuni.

"Nataka unioe," alisema. "Hata usingetaka wewe, mimi ningetaka."